Kwa nini batri ya sola inakufa mapema nyumbani mwetu

Tiit, tiit, tiit. Wamama wengi wa Lumumba wanaijua sauti hiyo ya konvertisere. Inaanza saa mbili au saa tatu usiku. Televisheni inazimika katikati ya habari, mtoto anayejiandaa kwa EXETAT anafunga daftari, na baba anasema batri za siku hizi si batri. Kesho yake mwenye duka analaumiwa. Mwaka haujaisha, zamu ya mama kwenye likelemba ikifika, pesa inakwenda kununua batri nyingine, na ile ya kwanza inasukumwa nyuma ya nyumba.

Ni kweli kwamba batri mbovu zinauzwa. Lakini batri nyingi zinazokufa mapema hazikuwa mbovu siku zilipotoka dukani. Zimekufa kwa njaa. Usiku tunatoa kingi kuliko kile jua lilichoweka mchana, na kesho yake tunatoa tena kabla deni la jana halijalipwa. Mama anayejua kupanga unga wa wiki nzima anaweza kupanga batri pia, kwa sababu hesabu ni ileile. Tatizo ni kwamba siku ya kufunga plaki kwenye nyumba, fundi anaongea na baba, wakati mwenye kukaa na ile batri kutoka asubuhi hadi usiku ni mama.

Hapa Bunia umeme wa bwawa la Budana, lile la mto Shari lililojengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, haufiki katika kila nyumba, na unapofika unakatika. Gropu inataka mafuta kila siku. Basi plaki zimejaa juu ya mabati. Hali hiyo si yetu peke yetu: kule Ulaya na Marekani kuna familia zinazosafiri likizoni katika motokari kubwa zenye kitanda na jiko ndani, na wao pia wakisimama porini wanahesabu batri kama sisi. Tofauti ni kwamba wao likizo ikiisha wanarudi kwenye umeme wa ukutani.

Turudi kwenye ile sauti. Wengi wanafikiri ni onyo kwamba batri imeanza kupungua. Si hivyo. Konvertisere nyingi zinapiga kelele batri ikishuka karibu na volti 10.5, na kuzima kabisa kwenye volti 10 hivi. Wakati huo batri imekwisha kitambo. Konvertisere inajilinda yenyewe, haiilindi batri. Anayengoja sauti ndipo azime ni kama anayengoja mtoto alie njaa saa sita usiku ndipo aende kuangalia kama kuna unga.

Batri ya kawaida tunayonunua, ile nzito yenye risasi na asidi ndani, inaitwa ya volti 12, lakini namba hiyo ni jina tu. Njia ya kujua ilivyo ni kuipima asubuhi mapema, kabla jua halijapiga plaki, bila kitu chochote kuwaka. Ikionyesha volti 12.7, imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo hivi. 11.8 kwenda chini, imekwisha. Angalieni jinsi namba hizo zilivyokaribiana: kati ya batri iliyoshiba na batri iliyokwisha hakuna hata volti moja kamili. Ndiyo maana zile taa tatu za kijani, njano na nyekundu kwenye regilatere (kile kisanduku kidogo kati ya plaki na batri) hazitoshi. Mchana jua likiwaka regilatere itakuonyesha 13 na kitu au 14, na ukadhani mambo ni mazuri. Hiyo ni nguvu ya plaki inayoisukuma batri, si shibe ya batri.

Kipimo cha volti si kitu cha ghali, mafundi wa redio na simu wanacho. Wamama watano wakichanga wanaweza kuwa na kimoja cha avenyu nzima, na kukizungusha asubuhi kama tunavyozungusha chungu kikubwa wakati wa karamu.

Sasa, kwa nini njaa inaiua batri? Kila unapotoa umeme, juu ya risasi iliyo ndani inajijenga kitu kama ukoko mweupe. Batri ikijazwa upesi, ukoko unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa nusu kwa siku nyingi, ukoko unakauka na kuwa mgumu, haurudi tena. Sehemu hiyo ya batri imekufa. Kwa hiyo batri ya 100 iliyoachwa na njaa miezi sita inakuwa batri ya 60, kisha ya 40, ingawa kwa nje ni ileile na uzito ni uleule. Fundi atakuambia “inajaa haraka lakini inaisha haraka.” Ni kweli, kama vile kikombe kinavyojaa haraka kuliko ndoo.

Batri hiyohiyo ukiitumia bila kuishusha chini ya nusu, inaweza kuishi mara mbili au zaidi kuliko ile inayomalizwa kila usiku. Hiyo ndiyo nusu ya kushikilia: 12.2 asubuhi, kabla ya jua.

Tuingie kwenye hesabu. Tunapima kwa wati-saa, yaani wati za kifaa mara saa kinazowaka. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 25.

Tuchukue nyumba ya kawaida yenye plaki moja ya wati 100 na batri ya ampea-saa 100. Plaki ya wati 100 haitoi 100 siku nzima. Inatoa hivyo, au karibu, jua likiwa utosini na mawingu hayapo. Ukijumlisha asubuhi, mchana na jioni, kwa siku nzuri unapata kama saa nne na nusu za jua kali. Ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, waya na ndani ya batri yenyewe, kinachobaki cha kutumia ni wati-saa 300 hivi. Hiyo ndiyo mshahara wa nyumba kwa siku. Siku ya mvua mshahara unaweza kushuka hadi 100 au chini ya hapo.

Matumizi sasa. Taa nne za wati 5, saa tano: 100. Redio ndogo: 30. Simu mbili kubwa na moja ndogo ya kitochi: 45. Jumla 175, na hapo hakuna wasiwasi. Televisheni na dekoda yake, wati 50 pamoja, saa nne: 200. Tumefika 375, tayari tumepita mshahara. Lakini mwizi mkubwa bado hatujamtaja. Ni konvertisere yenyewe. Ikiwa imewashwa tu, bila kazi yoyote, inaweza kula wati 10. Ukiiacha usiku na mchana ili simu moja ichajiwe, hizo ni wati-saa 240 kwa siku. Imekula kuliko televisheni, na hakuna aliyetazama kitu.

Jumla ni 615. Jua limeleta 300. Kila siku tunakopa 315 kutoka kwenye batri. Batri ya ampea-saa 100 ikijaa ina wati-saa 1,200. Siku ya pili tumevuka nusu. Siku ya nne imekwisha, na ile sauti inaanza.

Sasa nyumba hiyohiyo, plaki ileile. Konvertisere inawashwa wakati wa televisheni tu, kisha inazimwa kwenye kitufe chake, si kwa kuzima televisheni peke yake. Televisheni inawaka saa mbili, habari na filamu moja. Taa ni za volti 12, zimeunganishwa kwenye regilatere moja kwa moja bila kupita konvertisere. Simu zinachajiwa kwenye tundu la USB la regilatere. Hesabu: 175, televisheni 100, konvertisere 20. Jumla 295. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya taa nne ndogo.

Faida nyingine ya kupitia regilatere ni kwamba yenyewe inakata umeme mapema kuliko konvertisere, nyingi zikikata karibu na volti 11. Konvertisere kubwa haiwezi kufungwa hapo, itaiunguza regilatere, kwa hiyo inafungwa kwenye batri yenyewe. Ndiyo maana inahitaji jicho la mama. Na pasi ya umeme, na ile birika ya kuchemsha maji, ziache kabisa. Pasi ya wati 1,000 ikikaa saa moja imemaliza mshahara wa siku tatu. Pasi ya makala bado ina kazi yake.

Jambo ambalo mafundi wengi hawatuambii ni saa. Batri haijai sawasawa. Kutoka nusu hadi robo tatu na kitu inapokea haraka, lakini ile sehemu ya mwisho inapokea polepole, kama mtoto aliyekaribia kushiba. Inaweza kutaka saa tatu au nne za jua kumaliza kijiko cha mwisho, na kijiko hicho ndicho kinachoondoa ule ukoko. Kama saa tisa mchana watoto wametoka masomo na televisheni imewashwa, batri haikumaliza kula. Imelala na njaa ndogo. Kesho vilevile.

Basi simu zichajiwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati jua lina nguvu. Umeme huo unatoka kwenye plaki kwenda kwenye simu karibu bila kuigusa batri. Simu inayochajiwa saa nne usiku inakula akiba. Najua ni vigumu, maana simu ya baba iko kazini mchana. Lakini simu ya mama, taa za kuchaji, redio ya betri ndogo, hizo zinawezekana. Na angalau siku moja kwa wiki, Jumapili wakati wote wako kanisani kwa mfano, batri iachwe ijae hadi juu bila kuguswa.

Msimu wa mvua unataka mpango wake. Machi hadi Mei, na tena Agosti hadi Novemba, tunaweza kuwa na siku tatu za mawingu mfululizo. Siku ya kwanza ya mawingu, ondoa televisheni. Siku ya pili, baki na taa mbili. Usingoje siku ya tatu ndipo uanze kubana, ni kama kungoja gunia lifike chini ndipo upunguze kipimo. Na mara nyingi mvua zetu huja alasiri baada ya asubuhi nzuri. Anayejua hivyo ataelekeza plaki mashariki kidogo ili ikamate jua la asubuhi.

Kuhusu kulaza plaki, Bunia iko karibu kabisa na ikweta, digrii moja na nusu hivi kaskazini. Jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, mara likiegemea kaskazini, mara kusini. Hakuna haja ya kuisimamisha plaki kama tunavyoona kwenye picha za Ulaya. Lakini usiilaze kabisa, maji na vumbi vitakaa juu. Plaki yenye urefu wa metre moja, inua upande mmoja sentimita 17 hivi, inatosha. Iache nafasi ya kiganja kati yake na bati ili hewa ipite, maana plaki ikipata joto sana inatoa kidogo. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo: plaki inapenda mwanga, haipendi joto.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko wingu. Tawi moja la avoka likifunika kona ya plaki, hupotezi kona tu, unaweza kupoteza nusu au zaidi, kwa sababu vipande vya plaki vimeshikana kama watu wanaopitishiana ndoo: mmoja akisimama, wote wanasimama. Na wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, vumbi letu jekundu linafunika kioo ndani ya wiki moja. Pangusa kwa kitambaa laini na maji bila sabuni, asubuhi mapema kioo kikiwa baridi. Usimwage maji baridi saa sita mchana, kioo kinaweza kupasuka. Na asipande mtoto juu ya mabati kwa kazi hiyo.

Hapo nimefika kwa watoto. Ndani ya batri hizi kuna asidi inayounguza ngozi na kupofusha macho. Ikimwagikia mtoto, usitafute dawa ya kupaka kwanza. Maji safi, mengi, yanayotiririka, dakika 20, nguo zilizolowa zivuliwe, kisha kituo cha afya. Ikiingia machoni, maji vilevile, na lopitali siku hiyohiyo hata kama mtoto ameacha kulia. Kama amekunywa, usimtapishe, kimbia naye. Asidi ya batri inauzwa kwenye chupa zinazofanana na za maji ya kunywa. Isiingie nyumbani kabisa. Unachohitaji wewe ni maji ya batri, yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi, yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya motokari. Maji ya bomba au ya chemchemi yana madini yanayoharibu batri. Na batri iliyopungukiwa haiongezewi asidi, inaongezewa maji tu: asidi haikauki, ni maji yanayoondoka. Fungua vifuniko mara moja kwa mwezi, risasi ya ndani iwe imefunikwa. Zile batri zilizozibwa hazifunguliwi, usijaribu kwa kisu.

Batri inapojaa inatoa hewa inayowaka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo haiwekwi chumba cha kulala, haiwekwi jikoni karibu na jiko la makala, na hakuna anayeichungulia kwa buji wala kiberiti. Iweke juu ya ubao, mahali penye hewa, ndani ya kisanduku chenye matundu ambacho mtoto hawezi kufungua. Na kati ya batri na konvertisere pawe na fizible, yaani kile kiwaya kinachokatika hatari ikija. Ni kitu kidogo kinachorukwa ili kupunguza bei, na ndicho kinachozuia nyumba kuungua waya zikigusana. Ukimlipa fundi, muulize: fizible iko wapi? Akutolee akuonyeshe. Mwambie pia afuate utaratibu: anaunganisha batri kwenye regilatere kwanza, kisha plaki; akiondoa, plaki inatangulia kutoka.

Dukani, jueni kwamba batri ya kuwashia motokari si batri ya sola, hata kama muuzaji anaapa. Ile ya motokari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiimaliza kila usiku haitamaliza hata mwaka. Beba kwa mkono pia: batri mbili za ampea zilezile, nzito ndiyo yenye risasi zaidi. Tafuta tarehe iliyogongwa juu yake, na pima volti kabla ya kulipa. Batri mpya iliyokaa dukani mwaka mzima ikiwa chini ya 12.4 imeshaanza kufa kwenye rafu. Msiifunge batri mpya pamoja na ya zamani ili “zisaidiane”, ya zamani itaivuta mpya chini. Sasa kuna pia batri za litiamu. Ni ghali zaidi, lakini ni nyepesi, hazitaki maji, zinavumilia kutumiwa karibu zote na kuachwa nusu, na zinaweza kuishi miaka kumi. Zinataka regilatere inayozijua. Kwa familia moja bei ni mlima. Kwa kikundi cha AVEC kinachotaka kufanya kazi ya kuchaji simu, mimi naona zistahili kufikiriwa.

Kazi hiyo wengi wanaitamani, basi tuihesabu. Plaki mbili za wati 100 zinaleta wati-saa 600 hivi kwa siku nzuri. Simu kubwa inakula kama 20. Kwa kutumia 400 na kuacha nyingine kwa taa na siku za mawingu, ni simu 20 kwa siku. Mteja akilipa franka 500, ni franka 10,000 kwa siku, 60,000 kwa siku sita. Inapendeza, na ndipo vikundi vinapoanguka, kwa kuigawa yote. Batri ya dola 150 ikiishi miaka mitatu, imegharimu dola moja kwa wiki. Ikifa ndani ya mwaka, ni dola tatu kwa wiki. Pesa hiyo itoke kwanza, iandikwe kwenye daftari la kikundi, ikae kwenye sanduku lenye kufuli kabla mtu hajapewa faida. Daftari hilohilo liwe na safu moja ya volti za kila asubuhi. Asubuhi ikiwa chini ya 12.2, mchana huo hakuna simu zaidi ya kumi, hata mteja akiwa shemeji.

Wanaosema hiyo ni kazi ya wanaume waangalie Zanzibar. Kule Kinyasini, kisiwani Unguja, kuna chuo cha Barefoot College, shirika lililoanzia Tilonia, India, ambako wamama wa vijijini, wengine wakiwa bibi, wengine bila kujua kusoma vizuri, wanajifunza kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza vyombo vya sola, kisha wanarudi kuwasha vijiji vyao. Wanajifunza kwa rangi za waya na kwa mikono.

Dada zetu walioko kwenye kambi kama Kigonze hawana plaki ya wati 100, wana taa moja ndogo ya kuchaji, na hiyo taa ndiyo inayowasindikiza chooni usiku. Kama plaki yake imetengana na taa, plaki ikae juani na taa yenyewe kivulini. Joto la juu ya hema linaiua batri yake ndogo. Kama viko pamoja, iwekwe juani asubuhi na itolewe ikijaa. Taa nyingi zina mwanga wa ngazi tatu: ule wa chini unatosha kumnyonyesha mtoto na unaweza kufika asubuhi, ule wa juu unaisha baada ya saa chache. Taa ikikaa wiki nyingi bila kutumika, ichajiwe hata hivyo.

Imebaki ile batri iliyosukumwa nyuma ya nyumba. Mwaka 2009, Phyllis Omido, mama kijana, alianza kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Mtoto wake mchanga aliugua, homa haikuisha, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi mwilini mwake. Mama huyo alipigana miaka mingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea kwa rufaa. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakivunja batri na kuchekecha udongo ili kupata risasi ya kuuza.

Risasi haina harufu. Inakaa kwenye udongo, mtoto anacheza, anaweka vidole mdomoni, na inaharibu akili yake kabla mama hajaona kitu. Kwa hiyo batri iliyokufa isivunjwe uani, asidi yake isimwagwe kwenye mtaro wala kwenye bustani ya sombe, na asipewe kijana anayeyeyusha risasi kwenye sufuria ili kutengeneza vitu vya kuvulia samaki. Iache nzima, imesimama wima, kwenye beseni la plastiki, mbali na maji na watoto. Wenye maduka wengine hupokea batri nzima ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Uliza hilo kabla ya kulipa, wakati pesa bado iko mkononi mwako.